Dumu Lililolala

Jina lake sitalitaja, wala si kwa kumficha. Kule kwetu hakuna aliyelitumia. Tulimwita Fundi, watoto wakamwita Fundi, na barua ya serikali ilipokuja na jina lake kamili ilizunguka kijiji siku mbili ikimtafuta mwenyewe, mpaka mtu mmoja akakumbuka. Fundi alikuwa mwangalizi wa mashine ya kisima. Mashine moja ya dizeli, kisima kimoja kirefu, na pori pande zote, pori la miiba ambalo ukilitazama mchana unaliona linatetemeka kwa joto. Kutoka hapo mpaka Manyoni lori lilichukua siku nzima, na lori lenyewe lilikuja mara mbili kwa mwezi, likitaka.

Naandika haya nikiwa Thornton Heath, huku kwa Waingereza, kwenye meza ya jikoni ya binti yangu, kwa mwandiko wa ngumbaru niliojifunza ukubwani. Wajukuu wananiuliza naandika nini, nikiwajibu kwa Kiswahili wananirudishia Kiingereza, basi naendelea. Naandika kwa sababu binti yake Fundi alinipigia simu kutoka Barking. Alisema baba hali yake si nzuri, hospitali wamemrudisha nyumbani, wamesema dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu. Halafu akasema, "Shangazi, baba anakuomba uje umsamehe. Anasema hawezi kwenda hivi."

Yeye binti hakujua ni kosa gani. Mimi nilijua, au nilidhani najua. Nikamwambia nitakuja, nikakaa wiki tatu sikwenda.

Watu wa mabomba hawawezi kuyaelewa mambo yetu bila kuelezwa, kwa hiyo naeleza. Kisimani hawakupanga foleni watu, yalipanga madumu. Alfajiri unapeleka dumu lako, unalisimamisha nyuma ya la mwenzio, unakwenda zako shambani au kutafuta kuni. Dumu linakaa kwa niaba yako. Kila moja lilikuwa na alama yake: kitambaa chekundu kwenye mkono, tundu la msumari wa moto karibu na mdomo, rangi iliyobaki mtu alipopaka mlango. Mashine ikiwashwa, Fundi anatembea na mpira wa maji kutoka dumu hadi dumu, na wenyewe wanakuja kubeba. Siku ya mafuta ya kutosha yanajaa yote. Siku ya mafuta machache mashine inazimwa katikati, na walio nyuma wanangoja kesho.

Asubuhi alikuwa anapita pembeni ya ile foleni, mikono nyuma, akiyasemesha madumu kama watu. "Wewe wa bondeni leo umewahi, mumeo kapona?" Ukimsikia kwa mbali utadhani kichaa. Lakini siku moja alisimama, akahesabu tena, akamtuma mtu mbio kwa ajuza mmoja aliyekaa peke yake nyuma ya vichuguu, kwa sababu dumu lake la mfuniko wa kitambaa halikuwapo. Walimkuta ajuza kaanguka mlangoni, mguu umevunjika, kalala hapo tangu jana yake. Sisi majirani tulipita pale njiani hatukujua. Fundi alijua kwa dumu.

Sheria ya madumu niliitunga mimi. Hilo nalisema mapema lisije likaonekana nimelificha. Zamani watu walikuwa wanatupa tu. Mmoja anakuja na madumu ya jirani, ya wifi, ya mama mkwe, anayamwaga chini kama viazi, yanashika nafasi. Ugomvi ulikuwa wa kila siku, mpaka wanawake wawili waling'atana. Mwenyekiti wa kijiji akaitisha mkutano. Wanaume walizungumza, wakazunguka, hawakufika. Nikasimama. Sikuwa na aibu ya kusema mbele yao, na mpaka leo sina. Nikasema dumu linalosimama lina mwenyewe. Dumu lililolala halina mwenyewe, liende nyuma ya yote. Asiyeweza kusimamisha dumu lake hana shida ya maji. Walipiga makofi. Fundi akasema sheria hiyo ataishika.

Aliishika. Alikuwa na maneno yake mawili matatu ambayo watoto waliyajua kwa moyo. "Mashine haina shemeji." Na ukimletea kuku ili akutangulize: "Kuku mpeleke kwa aliye mbele yako, akikubali mwambie aje aniambie." Kuku alirudi nyumbani akiwa hai.

Siku moja alikuja mkubwa kutoka wilayani, gari lao limechemka. Dereva akashuka kuomba maji ya rejeta. Fundi, bila kuinua kichwa, akamwambia apange foleni. Dereva alicheka, akaona anacheka peke yake. Dumu hawakuwa nalo. Wakazunguka gari, hawakupata chombo, mwishowe dereva akachukua chupa ya chai ya mkubwa wake, akaisimamisha nyuma ya madumu yote. Ilikaa pale juani mpaka alasiri, inang'aa, na mkubwa kaketi kwenye kivuli cha gari akijipepea kwa faili. Wanawake waliokuja kubeba maji walikuwa wanainama mbele ya chupa, "Shikamoo, mheshimiwa." Zamu yake ilipofika Fundi aliijaza mpaka mdomoni, akaifunga vizuri, akampa dereva kwa mikono miwili. Ilibidi waipeleke garini na kuirudisha foleni mara mbili nyingine ndipo rejeta ikatosheka, wakalala palepale.

Tulicheka mwaka mzima. Baadaye mafuta ya kijiji yakaanza kuchelewa. Wengine walisema ni kwa sababu ya ile chupa. Sijui. Najua kwamba yalichelewa.

Yeye mwenyewe dumu lake lilikuwa la mwisho siku zote, hata siku ambazo wa mwisho hapati. Shati lake lilikuwa gumu kwa grisi, ungeweza kulisimamisha nalo likapanga foleni. Mkewe alichoka. Alisema mbele yetu sote, siku ya lori, kwamba ameolewa na mwenye maji na anaoga kwa kitambaa. Akapanda. Alisema binti atamfuata akishapata pa kukaa. Hakumfuata. Binti akakulia kisimani, juu ya pipa la dizeli, akilala kwa mlio wa mashine kama wengine wanavyolala kwa nyimbo.

Usidhani Fundi alikuwa mtu mkavu. Koki ya tangi ilikuwa inadondosha tone moja moja, na hakuikaza hata siku moja. Tulimsema. Tone moja moja kutwa nzima ni sufuria ya ugali wa mtu. Chini ya ile koki palikuwa na nyuki, weusi kwa wingi, na kanga wa porini walikuja jioni. Nikamwuliza kwa ukali, kwani nilikuwa mkali, kwa nini nyuki wanakunywa bila zamu. Akaniambia, "Nyuki apange foleni na dumu gani, dada?" Mtu huyohuyo angekunyima wewe kikombe kama si zamu yako.

Mdogo wangu, tumbo moja, ndiye aliyekuwa anamsuka yule binti nywele. Mdogo wangu alikuwa ameachika, ana mtoto mmoja wa kike ambaye alikuwa bado anajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Alikuwa mpole, tofauti na mimi. Kila Ijumaa alikwenda kisimani na chanuo na mafuta, akamweka binti wa Fundi kati ya magoti. Watu wakaanza. Nyika haina sinema, watu ndio sinema. Wakasema Fundi kapata wa kumfulia shati. Wakasema dumu la mdogo wangu linajaa mpaka linamwagika na yao yanapungua vidole viwili. Uongo mtupu. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mbele katika hayo, kwa sababu Fundi aliwahi kulirudisha dumu lake nyuma mchana kweupe. Fundi aliposikia akaacha kumsalimia mdogo wangu. Akawa anamjazia maji akitazama pembeni. Nilimwona, nikasema moyoni, huyu anampenda. Labda. Hakuna aliyemwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusema.

Sasa nifike kwenye kile kiangazi.

Mvua zilikatika mapema, mahindi yakakauka yakiwa magotini. Mafuta hayakuja mwezi mzima, yalipokuja yalikuwa nusu pipa. Fundi akagawa kijiji zamu mbili, wa juu siku yao na wa bondeni siku yao. Mimi nilikuwa wa bondeni, mdogo wangu wa juu. Mtoto wake akaanza kuharisha. Zahanati ilikuwa mbali, na tulichoambiwa siku zote na mama wa zahanati ni kwamba mtoto wa hivyo anywe, anywe, anywe. Nilikuwa na sufuria moja ya maji nyumbani. Nikampa nusu. Nusu nyingine niliibakiza, nilikuwa na watoto wangu.

Siku ya zamu yake aliamka kabla ya watu, akasimamisha dumu lake. Lilikuwa la saba kutoka mbele, na alikuwa ameweka jiwe chini ubavuni kulizuia, kwa sababu msimu ule chamchela zilikuwa nyingi, unaona vumbi linasimama kama mtu na kukimbia uwanjani. Akarudi kukaa na mtoto. Mashine ilipowaka nikamfuata, tukaenda pamoja kulibeba.

Halikuwa la saba. Lilikuwa la mwisho kabisa, nyuma ya la Fundi.

Fundi alisema maneno mawili tu, "Lilikuwa limelala." Mdogo wangu akasema alilisimamisha, akasema aliliwekea jiwe. Mtu mmoja akasema ni chamchela, imepita sasa hivi. Watu wakajaa. Hawakumtazama Fundi, walinitazama mimi, kwa sababu sheria ni yangu na ndugu ni wangu, walitaka kuona nitashika kipi. Mwenyekiti alikuwa pale, ametabasamu. Nikasema kwa sauti wote wasikie. Nikamwambia mdogo wangu, "Ungelisimamisha vizuri lisingelala. Sheria ni sheria. Ngoja nyuma."

Akangoja nyuma. Mashine ilizimwa yakiwa yamebaki madumu kumi na kitu. Hapakuwa na mtu wa kumuazima, kila aliyepata alikuwa amepata dumu moja la siku mbili la watu wanane. Mdogo wangu akachukua ndoo akaenda lambo la ng'ombe, akachota yale yaliyobaki chini, ya kijani, akayachuja kwa kanga, akayachemsha kwa vijiti alivyokuwa navyo. Mtoto alikunywa. Siku ya pili yake tulimzika.

Mdogo wangu hakumlaumu mtu. Hilo ndilo nililokuwa silielewi. Hakunilaumu mimi, hakumlaumu Fundi. Alijilaumu yeye. Tangu hapo hakuweka kitu chini, chungu, chupa, hata kikombe, bila kukibonyeza mara mbili kuona kama kimekaa. Hakuolewa tena. Tulipohama kule alikwenda Manyoni, akauza vitumbua, akazeeka. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku chache kabla, mtoto wa jirani alimshikia simu sikioni, mimi nikiwa hapahapa jikoni. Aliniambia, "Dada, lile jiwe nilichagua dogo."

Nilimchukia Fundi kwa kushika sheria yangu. Ndivyo ilivyo, siwezi kuipamba. Nilisema moyoni, angeweza siku moja kupinda. Aliyejua kumwachia nyuki tone angejua. Na kwa sababu sikuweza kumwambia hivyo bila kujiambia mwenyewe, sikumwambia. Tulisalimiana miaka yote kama watu wa kawaida.

Kijiji chenyewe hakipo sasa. Kisima kilianza kutoa chumvi, kidogo kidogo, chai ikawa kama machozi. Watu wakaondoka nyumba moja moja. Fundi alibaki na familia nne, akipampu maji ambayo hata mbuzi waliyanusa wakageuka. Walipomwuliza kwa nini anaendelea alisema hakuna aliyemwandikia barua ya kuacha. Ilibidi binti yake, ambaye alikuwa ameshasoma uuguzi na kuja huku, arudi amtoe. Alihangaika na makaratasi yake muda mrefu mpaka akamleta Barking.

Mimi nililetwa na binti yangu kulea wajukuu, naye anafanya kazi za kea, kuhudumia wazee majumbani mwao, anaondoka alfajiri. Nilikutana na Fundi huku kwa mara ya kwanza msibani, kwenye ukumbi wa kukodi, watu wanakula pilau kwa sahani za karatasi. Alikuwa amevaa koti kubwa na shati jeupe. Sikumtambua kwa ajili ya ule weupe. Tulikaa upande kwa upande, tukazungumza habari za mvua. Akasema, "Dada, huku maji yanatembea barabarani hayana mwenyewe." Nikasema ndiyo. Yakaisha.

Miaka sita tumekuwa mji mmoja, tumeonana labda mara kumi, zote misibani na harusini. Mengine niliyasikia kwa binti yake. Alikuwa anawafungia wajukuu bomba wakiwa bado wanapiga mswaki. Alikataa kabisa kuvuta maji ya choo kwa haja ndogo, binti akimwambia, anajibu kwamba hilo ni dumu zima. Lifti ya jengo lao ilipoharibika, Mwingereza mmoja kijana alikuja kuitengeneza, Fundi akashuka ngazi ghorofa tisa akasimama kando yake. Akamwonyesha kwa kidole sikio, kisha pale juu, akafanya mlio kwa mdomo wake, krr, krr. Beringi. Kijana alicheka, kisha akafungua pale juu, na ilikuwa beringi. Walikunywa chai pamoja kwenye ngazi hawana neno hata moja la kuelewana. Binti aliniambia ile ndiyo siku pekee aliyomwona baba yake anafurahi katika nchi hii. Siku nyingine zote alikuwa anakaa dirishani kutwa anasikiliza mashine ya kufulia, akisema inaumwa.

Nilipokwenda ilikuwa Jumanne, mchana. Nilipanda treni mpaka stesheni ya Victoria, nikashuka kwenye treni za chini ya ardhi nikachukua ya Barking. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka niyaseme haraka niondoke.

Walikuwa wamemwekea sebuleni kile kitanda cha kupandisha na kushusha. Fundi alikuwa amebaki mifupa na macho. Binti akanikaribisha, akasema ataniachia nafasi, akaenda jikoni akafunga mlango. Nikasikia anawasha birika.

"Umekuja, dada."

"Nimekuja."

"Nilidhani huji."

"Hata mimi nilidhani siji."

Akatabasamu kidogo. Nikatoa yangu kama nilivyoyapanga. Nikasema, "Fundi, ulishika sheria, na sheria niliitunga mimi. Kama ni kosa ni la wote wawili. Mimi nimekusamehe, mengine tumwachie Mungu." Nilishangaa ilivyokuwa rahisi. Nikashika mkoba wangu.

Akatikisa kichwa juu ya mto. "Silo hilo."

"Lipi?"

"Dumu la mdogo wako halikuangushwa na upepo."

Nikaweka mkoba chini.

Alinieleza polepole, akipumzika kati ya maneno. Alikuwa anavuta mpira kutoka kwenye mashine, kabla watu hawajaja wengi. Mpira ukalizungukia dumu shingoni, yeye akavuta bila kutazama, dumu likaanguka, na jiwe likabingirika kando. Aliliona. Alijua ni la nani, na alijua mtoto anaumwa. Akainama aliinue. Alipoinama akaona mwenyekiti na wenzake wawili wamekaa kwenye gogo wanamtazama, na mmoja akawagusa wengine kwa kiwiko.

"Wiki ile ndiyo walikuwa wanasema nataka kumuoa," akasema. "Ningeliinua, wangesema mmeona, anampendelea."

"Kwa hiyo ukaliacha."

"Nililibeba kwa mkono wangu nikalipeleka nyuma. Wakiniona."

Nikasikia binti anapanga vikombe. Nilimtazama yule mzee. Miaka yote nilikuwa nimembebea kosa la kutopinda, na kumbe siku ile ndiyo siku aliyopinda.

Nikamwuliza, "Na mimi niliposimama mbele za watu nikamwambia mdogo wangu hakulisimamisha vizuri, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nimesimama karibu yako."

"Ukanisikia."

"Nilikusikia."

"Ukanyamaza."

Machozi yalikuwa yanamtoka pembeni yakiingia masikioni, na hakuwa na nguvu ya kuyafuta. Sikumfuta. Nikamwambia mdogo wangu amekufa akijua ni jiwe lake. Nikamwambia alivyokuwa anabonyeza vikombe. Nikamwambia maneno yake ya mwisho kwenye simu, kama alivyoyasema. Sikumwonea huruma, nataka hilo lijulikane. Nilimwuliza kama Manyoni hakukuwa na simu, kama miguu yake ilikuwa imekatika, kama miaka yote hiyo hakuona hata siku moja inayofaa.

"Kila mwaka nilisema mwaka huu," akasema. "Halafu nikasikia kafa."

Akatoa pumzi, akaomba. "Nisamehe, dada."

"La kwangu nimeshakupa, nilipoingia. Hili si la kwangu."

"Basi ni la nani?"

"Unajua ni la nani. Umechelewa. Na mimi nimechelewa."

Nilikuwa nafikiria ile sauti yangu pale kisimani, jinsi ilivyokuwa kubwa. Yeye aliliangusha dumu, lakini si Fundi aliyemfanya mdogo wangu aamini kwamba kosa ni lake. Aliamini kwa sababu nilisema mimi, dada yake. Angesema mtu mwingine angebisha. Na mimi niliyemtunzia Fundi msamaha miaka yote, sikuwahi kumwomba msamaha mdogo wangu. Simu ilikuwa sikioni kwake, ningeweza kusema si jiwe, mdogo wangu, ni mimi. Nilisema, "Acha hayo, pumzika."

Fundi akageuza uso ukutani.

Mlango ukafunguliwa, binti akaingia na sinia la chai na mikate ya kumimina, macho yamevimba. Alikuwa amelia huko jikoni, nadhani kwa tumaini. Alikuwa bado na uso ule wa kitoto wa kwenye pipa la dizeli. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi.

"Mmemalizana, shangazi?"

Nikamwambia tumemalizana.

Akaweka sinia chini akanishika mabega, akasema Mungu akuzidishie, hujui umetufanyia nini. Kisha akamwinamia baba yake, akamfuta masikio kwa kanga, akamwuliza kwa sauti ya chini kama sasa ametulia.

"Nimetulia, mwanangu," Fundi akasema.

Alikuwa ananitazama mimi alipokuwa anasema. Akaunyoosha mkono wake nje ya shuka, polepole, akauacha hewani upande wangu. Nikaushika, kwa sababu binti alikuwa anatazama.